Dhahabu ya Sakale na Maji ya Tanga

Tangu dhahabu ilipozua vurumai Sakale, kijiji cha milima ya Usambara huko juu Muheza, mwaka 2003, wanaotaka uchimbaji wana hoja moja: Mungu katupa mali, mbona tunaikalia na njaa? Si hoja ya kubeza. Kijana asiye na shamba la iliki, akishaona chembe za njano zimebaki chini ya karai, habari za kuhifadhi msitu na vipepeo wake hazimshibishi. Na miamba inamuunga mkono. Usambara ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, ukanda mrefu wa miamba ya kale uliojengeka mabamba ya gandunia, yaani vipande vya ganda gumu la nje la dunia, yalipogongana zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita. Katika mikanda ya aina hiyo, maji ya moto yenye madini hupenya kwenye nyufa na kuacha dhahabu.

Lakini wanaopinga wamesingiziwa kwamba wanapenda miti kuliko watu. Wanachotetea ni maji. Baada ya mgongano ule bara lilivutwa likapasuka, Madagaska ikajitenga na pwani yetu, na kwenye mipasuko mapande ya ardhi yakanyanyuka yakawa milima. Upepo wa bahari ukifika Muheza unakutana na ukuta huo, unapanda, unapoa, mvua inanyesha. Msitu unaipokea, udongo unaifyonza, kisha inatoka kidogo kidogo mpaka mto Zigi, bwawa la Mabayani na mabomba ya Tanga mjini. Kwa hiyo mlima nao ni zao la mabamba yale yale, na huu unalipa kila siku.

Dhahabu yenyewe inatafutwa kwenye mchanga wa vijito. Kuipata ni kuchimbua kingo, kukata mizizi inayozishika, na kuosha tope humo humo mtoni. Halafu zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga ili inase chembe, na inayomwagika haiozi. Inatulia kwenye tope, vijidudu vinaigeuza sumu inayoingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki inafika kwa mama mjamzito. Machimbo yanaweza kuisha kwa msimu mmoja; zebaki itabaki.

Handeni nako kuna dhahabu, ndani ya mkanda huo huo, nje ya bonde la Zigi. Vijana wapewe leseni huko. Na sisi tunaofungua bomba Ngamiani na Chumbageni tukatwe sehemu ya bili, iende kwa vijiji vinavyolinda chemchemi, kwa sababu mpaka sasa tumewaambia wasichimbe bila kuwaambia watakula nini.