Saa Kumi Hadi Magharibi

Ninaendesha basi la shule hapa Columbus, Ohio. Si lile la saa tisa alasiri wanalopanda watoto wote. Langu huondoka saa kumi na moja na nusu, na huwasubiri waliobaki kwenye klabu ya sayansi ya baada ya shule. Wanapanda vidole vimeganda gundi, wamepakata vigari walivyoviunda wenyewe, wanabishana kwa nini kimoja kinakwenda upande. Mimi nashika usukani, moyo uko Mishomoroni, mtaa wa kwetu Mombasa.

Nina neno na ndugu zangu wa Mombasa, mlioko huko na sisi tuliotoka. Kila tukisema tuwasaidie watoto wa mitaa yetu wasome sayansi na teknolojia, mawazo hukimbilia vyombo. Kosa hilo nimelifanya kwa mkono wangu. Miaka sita iliyopita kikundi chetu cha watu wa Pwani tulichanga, tukanunua laptopu kumi, tukazitia kwenye kontena hadi shule moja ya Kisauni. Picha zikapigwa, dua ikasomwa. Nilipokwenda likizo baada ya miaka miwili nilizikuta kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, na kofuli juu yake. Nikapandwa na hasira. Yule mama mwalimu akanieleza taratibu: amezitilia sahihi, ikipotea moja italipwa na yeye. Walimu wake wakimaliza vipindi wanakimbilia matatu, wana watoto wao nyumbani. Sasa nani abaki? Nilinyamaza. Katika hesabu zetu zote hatukuweka hata senti moja ya mtu wa kubaki.

Huku nilipo, huyo mtu ndiye anayewekwa kwanza. Kuna mpango wa serikali kuu ya Marekani, ulioanza miaka ya 1990, unaotoa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa ajili ya masomo ya baada ya shule. Majimbo huzigawa kwa njia ya maombi, na shule zenye watoto wa familia maskini hutangulizwa. Klabu ninayoihudumia inategemea ruzuku kama hiyo. Watoto wanajengea maboksi ya kadibodi, betri, nyaya na vibodi vya kompyuta ambavyo bei yake haifiki viatu vya mtoto. Fedha nyingi zinaishia kwa watu wazima wawili wanaobaki nao, chakula kidogo cha jioni, na basi langu. Desemba jua hapa linazama saa kumi na moja na dakika chache. Pasipo basi, mtoto ambaye mama yake yuko zamu hawezi kubaki, hata klabu ingekuwa na roboti za dhahabu.

Sisemi huku ni peponi. Kwenye vitongoji vya wenye nacho, kikundi cha sekondari kinachoingia mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyoasisiwa 1989, hulipa zaidi ya dola 5,000 za kujisajili kwa msimu, kabla ya kununua hata skrubu, na wazazi na kampuni wanalipa. Watoto wangu wa mjini wanaitazama Washington. Kiangazi cha 2025, mkesha wa Julai mosi, majimbo yaliambiwa fedha zile za mpango wa baada ya shule zimezuiwa. Ziliachiliwa baadaye mwezi huo huo, lakini nilimwona mratibu wetu wiki zile, mama mwenye watoto watatu, hajui kama Agosti ana kazi. Mfereji ulikuwa mmoja, na aliyeshika koki yuko mbali.

Ndipo nikakumbuka chuo cha Kurani. Sisi tuliokulia Kisauni, alasiri ilikuwa na mwenyewe: ukitoka skuli unavua sare, unavaa kanzu au buibui, mkekani kwa mwalimu hadi magharibi ikaribie. Mama alinifungia pesa ya mwalimu kwenye ncha ya leso kila Alhamisi, hata wiki ambayo nyumbani tulikula mchuzi mtupu. Chuo chetu hakikumngoja mfadhili. Mtaa ulimlisha mwalimu wake, vyombo vikafuata. Kwa hivyo tusiambiwe kwamba elimu ya baada ya shule ni jambo la wageni. Kwetu ni kongwe kuliko shule yenyewe. Na klabu ya sayansi isije ikagombania saa hizo na chuo. Wa kwanza kukaa nao kikao wawe maustadhi na wachungaji wa mtaa, tupatane siku.

Kinachoniuma ni hiki. Nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mlango wa intaneti wa Kenya na wa majirani wasio na bahari uko ufukweni kwetu. Mpwa wangu wa miaka 13, anayekaa safari fupi ya matatu kutoka hapo, aliyasikia hayo kutoka kwangu, kwenye simu. Ni msichana anayekaa kwa fundi wa simu wa mtaani kufungua simu zilizokufa, na fundi, Mungu ambariki, hamfukuzi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu, ambako kila mmoja husoma mkondo wa masomo aliouchagua. Zamu yake i karibu. Atauchaguaje wa sayansi kama waya wa kwanza aliushika kibandani tu? Swahilipot, kituo cha teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus, inafanya kazi nzuri na vijana, lakini mtoto wa umri wake hana nauli ya kwenda na kurudi kila jioni.

Hesabu yangu ni hii. Vijana wawili waliomaliza Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wanaongoja ajira, wapewe shilingi 15,000 kila mmoja kwa mwezi kwa saa kumi za wiki. Kwa mwaka ni 360,000, karibu sawa na zile laptopu na kontena lake. Sisi wa nje tuchukue nusu, wazazi watoe kidogo chao cha Alhamisi, na kaunti na mbunge tuwabane kwa kilichobaki, pamoja na mlinzi wa kufunga darasa. Mlipaji mmoja akikwama, wawili wanashikilia.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi hii. Orodha ya kontena la mwaka huu imeshaanza kuzunguka, laptopu ishirini safari hii. Nitasimama niombe lisipakiwe, na nimeshampigia yule mwalimu mkuu kumwuliza zile kumi ngapi bado zinawaka. Amesema saba.