Grafu ya Mstari: Uwanjani au Kwenye Daftari?

Walimu wa Hisabati hawakubaliani kuhusu njia ya kufundisha grafu ya mlinganyo kama y = 2x + 1. Wapo wanaotaka wanafunzi watoke nje, washike kamba, wapake rangi. Wengine wanasema karatasi ya grafu, rula na mazoezi mengi vinatosha. Kwangu mimi swali la kwanza ni hili: katika shughuli hiyo, mwanafunzi analazimika kufikiri nini?

Chukua uwanja. Mwalimu anachora mhimili wa x kwa chokaa, kuanzia hasi 3 hadi 3, wanafunzi saba wanasimama kila mmoja kwenye namba yake. Wanaambiwa: zidisha namba yako kwa mbili, ongeza moja, tembea hatua hizo, jibu likiwa hasi, rudi nyuma. Wanajikuta wamepanga mstari ulionyooka. Wanafurahi, lakini hapo hesabu bado haijaanza. Inaanza mwalimu anapobadilisha ile 1 kuwa 4, na kabla mtu hajasogea anauliza: nani ataenda wapi? Wote wanasogea mbele hatua tatu, mteremko haubadiliki. Kisha anairudisha 1, na 2 anaifanya 3. Aliyesimama kwenye sifuri habanduki. Wa kwenye 3 anasonga mbele hatua tatu, wa hasi 3 anarudi nyuma tatu. Mstari umezunguka, na darasa zima limeona umezungukia wapi. Ubaoni jambo hilo husemwa kwa sentensi moja na kupita.

Ile shughuli nyingine, ya kuchora mistari mingi na kupaka rangi nafasi zilizo katikati siitetei sana. Inapendeza ikibandikwa ukutani, ila mwanafunzi huunganisha nukta mbili, kisha kipindi kilichobaki kinaishia kwenye rangi.

Wanaotetea daftari nao wana hoja nzito. Darasa likiwa na wanafunzi themanini, kuwatoa na kuwarudisha tu kunakula robo ya kipindi. Tena uwanjani hatua moja ni moja daima. Kwenye karatasi lazima mtu aamue sentimita 1 isimamie 2, 5 au 10, na skeli mbaya huharibu kazi yote. Kidato cha nne, Tanzania na Kenya, wanafunzi wamekuwa wakikutana na mada ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa mistari kadhaa kwenye grafu moja. Huko, asiye na mkono uliozoea kuchora kwa usahihi anakwama, hata kama uwanjani alielewa vizuri.

Kwa darasa kubwa ningeanza na maji. Kila kundi lipewe kopo lenye kuta zilizonyooka, rula na kikombe kidogo. Kopo liwe na maji kidogo tayari; kina hicho ndicho mahali mstari unapokata mhimili wa y. Waongeze kikombe kimoja kimoja, wapime, waandike jedwali. Kisha wapewe ndoo iliyopanuka juu, na kabla ya kumimina watabiri grafu itakuwaje. Wengi watachora mstari ulionyooka. Vipimo vitawaonyesha kila kikombe kinaongeza kina kwa kiasi kidogo kuliko kilichotangulia, grafu inapinda na kulala. Wataeleza wenyewe kwa nini kopo lilitoa mstari na ndoo ikakataa, na skeli ya grafu zote mbili wachague wao, kwa penseli, kwenye karatasi.