Qt Designer na anayeanza Python: msimbo unaojiandika unamfaa kweli?

Mtu anayejifunza Python hafiki mbali kabla ya kuichoka terminali. Anataka dirisha: visanduku viwili vya kuandikia, kitufe, na jibu linalotokea chini. Njia nyepesi ni kufungua Qt Designer, programu ya kuchora madirisha, kuburuta vitu hivyo kwa kipanya hadi kwenye fomu, kuhifadhi mchoro kama `dirisha.ui`, kisha kuugeuza kuwa msimbo wa Python kwa amri hii ya PyQt5, maktaba ya madirisha:

`pyuic5 -x dirisha.ui -o dirisha_ui.py`

Papo hapo anapata faili la Python linalofanya kazi. Je, msimbo huo ambao hakuuandika unamfundisha, au unamdumaza?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kupanga vitu kwa mkono ni kubahatisha: unaandika, unaendesha, unakuta kitufe kimekaa vibaya, unafunga, unarekebisha, unaanza upya. Kwenye Qt Designer unaona unachokipanga, na Ctrl+R hukuonyesha dirisha lilivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja. Halafu kuna orodha ya sifa za kila kitu, ambayo kwa anayeanza ni kamusi. Humo anakutana na `placeholderText`, `maxLength` na `readOnly`, mambo ambayo asingeyatafuta kwa sababu hakujua kama yapo.

Wanaoupinga nao hawasemi ovyo. Mwanzoni mwa faili lililozalishwa kuna onyo kwamba mabadiliko yoyote ya mkono yatapotea `pyuic5` ikiendeshwa tena. Anayeanza halisomi, na sehemu ya lawama naitupia ile `-x`. Kazi yake ni kuongeza mistari ya kuliendesha faili hilo moja kwa moja, basi mwanafunzi huamini hapo ndipo programu yake inapokaa. Anaandika hesabu zake humo. Siku anapotaka kuongeza kitufe cha pili anarudi Qt Designer, anatoa amri ileile, na kazi ya wiki nzima inafunikwa na faili jipya. NetBeans, programu ya kuandikia msimbo kwa wanaosoma Java, imeliziba tundu hili: sehemu ya `initComponents`, inayozalishwa na programu yenyewe, ina rangi ya kijivu na kihariri chake hakikubali uiguse.

Dawa kwa upande wa Python ni kuiacha `-x` na kuwa na faili la pili ambalo ni lako:

```
import sys
from PyQt5 import QtWidgets
from dirisha_ui import Ui_MainWindow

class Dirisha(QtWidgets.QMainWindow, Ui_MainWindow):
    def __init__(self):
        super().__init__()
        self.setupUi(self)
        self.kitufeHesabu.clicked.connect(self.hesabu)

    def hesabu(self):
        kilo = float(self.sandukuKilo.text())
        bei = float(self.sandukuBei.text())
        self.leboJibu.setText(str(kilo * bei))

app = QtWidgets.QApplication(sys.argv)
d = Dirisha()
d.show()
sys.exit(app.exec_())
```

Majina kama `kitufeHesabu` hayaji yenyewe. Usipobadilisha `objectName`, yaani jina la kitu ndani ya msimbo, utabaki na `pushButton`, `pushButton_2`, `pushButton_3`, na baada ya siku mbili hujui kipi ni kipi. Angalia pia `self.hesabu` haina mabano. Ukiweka mabano, unaiita hesabu dirisha likiwa bado linajengwa. Visanduku vikiwa vitupu, `float` itagoma kwanza. Na hata ikipita, `connect` itapokea `None` na kulalamika kwamba `argument 1 has unexpected type 'NoneType'`. Kosa hili huwakwamisha wengi, na hakuna kizalishi kinachoweza kulielezea.

Kasoro inayotuuma zaidi sisi tunaotengeneza programu za Kiswahili ni vipimo. Ukiburuta kitufe bila kuipa fomu mpangilio, msimbo unaozalishwa huandika `setGeometry` yenye pikseli kamili, mathalani upana 75 na kimo 23. "Save" inaenea humo. "Hifadhi mabadiliko" inakatwa. Mtumiaji naye akiivuta fomu iwe kubwa, vitu vyote vinabaki vimejibanza kwenye kona ya juu kushoto. Bofya sehemu tupu ya fomu, kisha Ctrl+5 ili vitu vipangwe kwa gridi. Sasa kitufe kinatanuka kufuata maandishi yake. Qt Designer haikulazimishi kufanya hivyo, na huu ni udhaifu wa kweli kwa chombo anachopewa anayeanza.

Kuna njia ya kati: kutozalisha msimbo kabisa. `uic.loadUi("dirisha.ui", self)` husoma mchoro programu inapoanza, na hakuna faili la kufutika. Glade, chombo kama hicho cha maktaba ya GTK, ilipita njia hiyohiyo: matoleo ya zamani yalizalisha msimbo wa C, Glade 3 ikaliacha jambo hilo na kubaki na XML inayosomwa wakati programu inaendeshwa. Gharama zipo. Kihariri hakitakukamilishia majina ya vitufe, kosa la tahajia litajitokeza tu programu ikiendeshwa, na ukiiendesha kutoka folda nyingine faili la `.ui` halionekani. Ukiifungasha programu kwa PyInstaller ili iendeshwe hata kwenye kompyuta isiyo na Python, ni lazima uliongeze kwa `--add-data`.

Kwa anayeanza ningechagua `loadUi`, lakini si siku ya kwanza. Dirisha la kwanza aliandike kwa mkono, mistari ishirini hivi, hadi aelewe kazi ya `app.exec_()`: ndiyo inayozunguka ikisubiri mibofyo. Asiyelijua hilo ataweka `time.sleep(10)` ndani ya `hesabu`, dirisha litaganda sekunde kumi, naye atakwenda kutafuta kosa ndani ya Qt Designer, ambako halipo.