Kolonoskopi: Sababu ya Rufaa Ndiyo Inayoamua Faida Yake

Mwezi Oktoba 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa NordICC uliofanyika Poland, Norway na Sweden. Watu zaidi ya 84,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 64 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walialikwa kufanyiwa kolonoskopi ya uchunguzi, yaani kuingiziwa kamera nyembamba kupitia njia ya haja kubwa ili utumbo mpana uonekane kwa ndani, wengine wakaendelea na huduma za kawaida. Baada ya miaka 10, hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana ilikuwa asilimia 0.98 kwa walioalikwa na asilimia 1.20 kwa wasioalikwa, na tofauti ya vifo haikuthibitika kitakwimu. Wenye mashaka walisema kipimo kinasifiwa kupita kiasi. Watetezi wakajibu, kwa haki, kwamba ni asilimia 42 tu ya walioalikwa waliokubali kufanyiwa.

Mjadala huo, hata hivyo, ulihusu watu waliochunguzwa bila kusukumwa na dalili. Mgonjwa anayefika kwa daktari bingwa akiwa na barua ya rufaa ni suala jingine, na kwake uzito wa kipimo unategemea kilichoandikwa katika barua hiyo.

Mtu wa makamo anayetoa damu katika haja kubwa, mwanamume mwenye upungufu wa madini ya chuma usio na maelezo, au aliyepimwa choo kikakutwa na damu isiyoonekana kwa macho, ana sababu nzito ya kuchunguzwa. Kwake kipimo hiki ni tiba pia: daktari akiona kinyama chenye kikonyo, hukizungushia kitanzi cha waya, hukikata kwa umeme papo hapo na kukipeleka maabara, na hivyo huondoa kitu ambacho miaka kadhaa baadaye kingeweza kuwa saratani.

Maumivu ya tumbo peke yake, au kukosa choo kwa muda mrefu bila damu wala kupungua uzito, ni habari tofauti. Wengi wa wagonjwa hao hukutwa na utumbo usio na kasoro, baada ya kunywa lita kadhaa za dawa ya kuharisha na kukesha chooni, huku wakikabili hatari ya utumbo kutoboka, ambayo ni ndogo lakini ipo. Wapo wanaosema kwamba aliyeteseka miaka mingi anastahili kuondolewa wasiwasi. Naielewa huruma hiyo, lakini jibu la "hatujaona kitu" haliondoi maumivu, na nafasi aliyoichukua ingeweza kuwa ya anayetokwa damu.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka mlango ufunguliwe ni ya vijana. Kijana akitokwa damu huambiwa haraka kuwa ni bawasiri, akarudi nyumbani na dawa ya kupaka. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki mwaka 2020 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43, na mwaka uliofuata jopo la kitaifa la Marekani lilishusha umri wa kuanza uchunguzi hadi miaka 45. Hoja hii naikubali kikamilifu, ila inahusu damu. Haihalalishi kila tumbo linalouma.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Upungufu wa damu unaweza kuletwa na minyoo ya safura, na damu katika choo inaweza kutokana na amiba au kichocho cha tumbo, hasa kandokando ya Ziwa Victoria. Kupima choo kwanza ni busara, tena ni nafuu. Hatari ni pale mgonjwa anapopewa dawa ya minyoo mara ya pili na ya tatu huku damu ikiendelea, bila yeyote kumwandikia rufaa.

Kwa hiyo barua isiyo na neno zaidi ya "maumivu ya tumbo" haitoshi. Iseme umri, damu imeonekana kwa muda gani, kiwango cha himoglobini, majibu ya choo, kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani hiyo, na kama aliyeandika alimpima mgonjwa kwa kidole katika njia ya haja kubwa, kwa sababu baadhi ya saratani za puru hufikiwa na kidole hicho siku hiyohiyo, kabla ya foleni yoyote.