Talviyö imepoa, na shabiki ana haki ya kulisema hilo

Talviyö ilitoka Septemba 6, 2019, nimeisikiliza kwenye daladala, kazini na usiku kabla ya kulala, na msimamo wangu haujabadilika: Sonata Arctica, bendi ya Ufini, wametupa albamu iliyopoa. Nayasema haya kama mtu wa ndani. Hii ndiyo bendi iliyonifungulia mlango wa pawa metali, muziki wa magitaa yanayokwenda mbio, ngoma kubwa inayopigwa kwa miguu yote miwili bila kupumzika, na viitikio ambavyo ukivisikia mara moja tayari unaviimba. Hakuna bendi ninayoipenda zaidi yake. Ndiyo maana inaniuma.

Jumamosi iliyopita tulikutana Sinza, kwa mwenzetu mmoja mwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo. Tulipatana kuisikiliza albamu yote bila kuruka wimbo. Tulipofika "The Last of the Lambs" mmoja wetu akashindwa kuvumilia, akachukua simu iliyokuwa imeunganishwa na spika, akaweka "Blank File", wimbo unaofungua Ecliptica ya mwaka 1999. Sebule nzima ikaamka. Waliokuwa wanachezea simu zao wakaziweka chini. Mwenye nyumba akaongeza sauti hadi vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, na jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na mpaka leo unaendelea kwenye simu zetu. Upande mmoja unasema bendi hii ilikwisha mwaka 2004 baada ya Reckoning Night, na kila kilichofuata ni kupoteza bando. Upande wa pili unasema Tony Kakko, mwimbaji wa bendi, na wenzake si vijana tena, wamekua, na shabiki asiyetaka kukua nao akae pembeni. "Mwanangu, kama hupendi, usisikilize," ndilo jibu lao kwa kila hoja. Mimi siafikiani na upande wowote, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na hao wa 2004. Wanataka Ecliptica irudi. Lakini ilisharudi! Mwaka 2014 bendi iliingia studio ikairekodi upya albamu ile yote, wimbo kwa wimbo, kuadhimisha miaka 15. Nani kati yetu anaisikiliza hiyo ya 2014? Nyimbo ni zilezile, wapigaji wamekomaa kuliko walivyokuwa wakati ule, na bado kila mtu anaweka ile ya 1999, iliyotengenezwa na vijana kutoka Kemi, mji mdogo wa kaskazini mwa Ufini, ambao walikuwa wakiimba kana kwamba hawatapewa nafasi nyingine. Uchu wa aina ile haurekodiwi mara mbili. Kwa hiyo kumwambia Kakko arudi alikotoka ni kumwomba kitu ambacho tayari alitupa, na tukakiweka kabatini.

Halafu kuna Unia ya mwaka 2007. Hapo ndipo walipoacha mbio, na mashabiki wengi waliwalaani. Mimi naitetea Unia mpaka kesho. Ni albamu ngumu, nyimbo zake zinakata kona usizozitarajia, sauti ya Kakko imepangwa tabaka juu ya tabaka mpaka mtu mmoja anakuwa kwaya nzima, na ndani yake mna hasira na majonzi ya kweli. Haina kasi, lakini ina njaa. Mtu aliyelelewa na kwaya za kanisani, kama wengi wetu hapa Dar, akiipa nafasi ataelewa mara moja kazi iliyofanyika mle. Kwa hiyo nikisema Talviyö imepoa, sizungumzii mwendo wa ngoma.

Nazungumzia nini basi? "Message from the Sun" inafungua vizuri, ngoma inakimbia, kiitikio kinapanda, unajiambia wamerudi mezani. Kisha wimbo baada ya wimbo mambo yanashuka. Elias Viljanen ni mpiga gitaa wa kiwango cha juu, lakini katika albamu hii gitaa lake limesukumwa nyuma, kama linapigwa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Ngoma za Tommy Portimo hazina mshindo. Dada mmoja katika kundi letu, anayepiga kinanda kwenye kwaya huko Ubungo, aliliona jambo ambalo mimi nilikuwa nalisikia bila kuweza kulitaja. Alisema viitikio vya albamu hii havipandi. Ubeti unaisha, unangoja sauti inyanyuke ikubebe, nayo inabaki palepale ulipokuwa ubeti. Akatuonyesha kwa vidole mezani: beti hapa, kiitikio hapahapa. Tangu siku hiyo kila nikiisikiliza naliona tatizo hilohilo, hata kwenye "A Little Less Understanding", ambao ni wimbo mwepesi unaoshika kichwani haraka.

Jambo moja likanishangaza. Wimbo uliotikisa vichwa vya watu wote pale Sinza baada ya ule wa kwanza ni "Ismo's Got Good Reactors", ambao hauna maneno hata moja. Wapigaji wanaachiwa wacheze, kinanda na gitaa vinakimbizana, na ghafla unakumbuka kuwa hii ni bendi ya watu watano wenye uwezo wa kutisha. Kakko ndiye anayeandika karibu nyimbo zote, na ni mtunzi mkubwa, sitamvunjia heshima hiyo. Ila wimbo ule umenifanya nijiulize kama wenzake wanapewa nafasi ya kutosha ya kumbishia.

Sasa nije kwa hawa wa "kama hupendi usisikilize", maana hao ndio wanaoniudhi zaidi. Wanalichukulia neno lolote la kukosoa kama usaliti. Hapa Dar es Salaam tuna historia ndefu ya kupenda bendi, na haikuwa hivyo. Baba yangu mdogo ni shabiki wa damu wa Sikinde, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park. Amenisimulia jinsi waimbaji Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka walivyotoka bendi ya Juwata kwenda Mlimani Park, na jinsi watu walivyogombana vijiweni kwa ajili ya hao wawili, nani kapungukiwa na nani kafaidika. Wimbo mpya ukipigwa pale DDC Kariakoo, watu waliusikiliza wamekaa, maneno yalipimwa, halafu likaingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Chemko likiwa halichemki, watu walibaki vitini. Hakuna aliyetukanwa. Wapigaji waliviona viti vile kutoka jukwaani, wakajua la kufanya wiki inayofuata. Na yule aliyebaki kitini, wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni.

Sisi wa metali hapa mjini hatuna ukumbi huo. Sijawahi kuwaona Sonata Arctica jukwaani, wala sidhani Kakko anajua kwamba kuna mtu Sinza anayeyajua mashairi yake yote kwa moyo. Njia pekee ya kubaki kitini ni kusema. Ukininyima hiyo, umeniacha na kupiga makofi tu, na makofi yanayopigwa kwa kila kitu hayamwambii mwanamuziki chochote.

Na wanaodhani wakosoaji ndio wanaoiua bendi waitazame Helloween, bendi ya Ujerumani. Albamu zao za Keeper of the Seven Keys, sehemu zote mbili, 1987 na 1988, ziliweka msingi wa muziki huu wote. Mpiga gitaa Kai Hansen akaondoka. Mwaka 1993 ikatoka Chameleon, yenye tarumbeta na nyimbo ambazo hazikufanana na chochote walichowahi kufanya, na mashabiki wakaikataa waziwazi. Mwaka huohuo mwimbaji Michael Kiske akatolewa, akaja Andi Deris, na 1994 wakatoa Master of the Rings, bendi ikasimama tena. Mwaka 2017 Hansen na Kiske walipopanda jukwaa moja na Deris, kumbi zilijaa. Waliozijaza ni walewale waliokuwa wamenung'unika kwa zaidi ya miaka 20. Mtu aliyechoka na bendi hanung'uniki. Anahama kimya na kusikiliza kitu kingine.

Kwa hiyo, kaka zangu na dada zangu, msimtoe mtu kwenye kundi kwa sababu kasema Talviyö ni dhaifu. Wiki iliyopita mmoja katolewa hivyo, na ndiye aliyenipa mimi albamu ya kwanza ya bendi hii. Arudishwe.

Kwa albamu zijazo ninataka mambo matatu. Gitaa la Viljanen liletwe mbele, mahali linapostahili. Portimo aachiwe apige kwa nguvu. Na Kakko atunge viitikio akifikiria watu wanaoviimba naye kwa sauti zote, wa Ufini na wa huku. Na kama bado hujaisikiliza Talviyö, weka "Message from the Sun", kisha ruka moja kwa moja hadi "Ismo's Got Good Reactors", halafu malizia na "The Raven Still Flies with You", ambao ni mrefu na unahitaji uvumilivu, lakini katikati yake bendi inafunguka. Zilizobaki zisikilize baadaye, uje uniambie kama nimekosea.