Gari Langu Halijaungua

Leo asubuhi mtoto wa jirani, mwenye miaka sita na adabu ya miaka miwili, amesimama mbele ya mlango wa gari langu, mikono kiunoni, akaniuliza: "Anko, gari lako liliungua?"

Halijaungua, mwanangu. Limepakwa rangi. Nenda shule.

Sasa, Kalerwe ya hapa Kampala saa kumi na mbili jioni mnaijua, sina haja ya kueleza. Bodaboda kapakia abiria, abiria kapakata fremu ya dirisha la chuma kama mtoto mchanga, wakapita kati yangu na taksi mahali ambapo hata barua isingepita. Krrrr! "Nsonyiwa, ssebo!" Yaani nisamehe, bwana. Na huyoo, kaishia. Nikabaki na mkwaruzo wa kiganja kimoja kwenye mlango wa nyuma.

Gari lenyewe ni Kikumi, yaani Toyota Corolla ya zamani, rangi ya silva, namba inaanza na UAM, kwa hiyo mwenye akili zake angeuacha mkwaruzo upumzike pamoja na wenzake. Fundi mmoja wa Ndeeba alinitajia bei, nikamuuliza kama ananipa na gari jingine. Nikaamua kazi nitaifanya mwenyewe nyumbani. Mimi ni mtu mzima, nina mikono miwili na nina bando.

Ndani ya boneti kuna kibati chenye namba ya rangi. Niliinakili kwenye karatasi nikaenda nayo dukani kama mtu anayekwenda famasi. Muuzaji hakuigusa karatasi. Alichungulia gari kupitia mlangoni, jicho moja kafumba, akasema: "Silva ni silva, mzee."

Silva si silva! Ndani yake mna chembechembe za alumini. Zikipulizwa kwa bomba zinalala kwa mpangilio. Ukizipaka kwa brashi zinalala zinavyotaka, kama wapangaji. Ukisimama mbele ya mlango, unaona rangi imekubali. Sogea hatua mbili kuelekea choo, inageuka sufuria.

Nikapaka hivyo hivyo, kwa kijiti cha meno, tone kwa tone, nikingoja kila tabaka likauke. Juu nikaweka klia, ile rangi angavu ya kukinga na kung'arisha. Nikaliacha wiki nzima likomae, nikifukuza kuku. Vumbi jekundu halikufukuzika.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kulisawazisha. Beseni la maji, tone la sabuni, msasa namba 2000 (namba ikipanda, msasa unazidi kuwa laini) uliolowekwa tangu alfajiri, nimeuzungushia kifutio cha mwanangu ili ulale sawa. Nia ni kupunguza kale kauvimbe ka rangi tu, pole pole, hadi kalingane na jirani zake. Halafu namba 3000, halafu kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa laini. Maji yalikuwa yakitoka meupe kama ya kuoshea mchele, maana yake inayotoka ni klia. Mambo safi kabisa.

Ndipo akatoka Afande.

Afande wetu amestaafu jeshi, ila jeshi halijamstaafu yeye. Kiswahili chake ni cha kambini, hakina "tafadhali".

"Wewe! Fanya nini hapo?"

"Nasawazisha rangi, Afande."

"Na kifutio? Hiyo gari imekosea spelingi?"

Akanyoosha mkono. Mimi sikumpa msasa; mkono wangu ndio uliompa. Akasugua mara tatu, akaugeuza. "Hii haina meno. Hii ni karatasi ya kufungia mandazi." Akaingia kwake, akarudi na kipande alicholainishia mpini wa jembe. Namba 80.

Nilitaka kumweleza, kwa heshima zote, kwamba klia ya gari ni nyembamba kuliko unywele. Kilichonitoka kinywani ni "Ndiyo, Afande."

"Moja! Mbili! Kaza kiwiko!"

Uwanja ukajaa. Mama wa chapati akaacha rolex ya mteja, chapati ya kuviringishia mayai, ikiungua. Mpangaji wa chumba namba tano, ambaye hata wilbaro hana, akaonyesha kwa kidole kwamba upande wa kushoto haujafikiwa. Mwingine akapendekeza dawa ya meno. Popote penye gari bovu hakosi mtu wa dawa ya meno. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye maji tu. Yalikuwa meupe. Yakawa kijivu.

"Afande, maji yamegeuka."

"Uchafu huo, unatoka."

Uchafu gani? Hiyo ni rangi!

"Afande, sasa naona praima, ile rangi ya chini."

"Vizuri. Tunakaribia."

Tunakaribia wapi, jamani? Tunakaribia viti!

Aliponyanyuka, mkwaruzo wa kiganja ulikuwa umekwisha kabisa, hilo nakiri. Mahali pake palikuwa na kitu cha ukubwa wa sinia la pilau. Akanipiga begani, "Malizia hizo kazi ndogondogo," akaenda kunywa chai yake.

Nimepaka sinia zima upya, kwa brashi. Nikaazima drili nifunge sponji nipige kompaundi, umeme ukakatika kabla sijafika katikati. Nusu ya mlango inang'aa kiasi cha kujinyolea ndevu, na gari zima lililobaki, ambalo mpaka wiki iliyopita lilikuwa safi, sasa linaonekana limelala shimoni. Mama watoto kasema, kwa sauti ya upole kabisa, si nipige na upande wa pili ufanane. Sijamjibu mpaka leo.

Kopo la rangi lilibaki nusu, nikaliacha ukutani nje ya mlango, na mnajua vitu vya nje ya mlango vinavyotembea. Makaa yamepanda bei hadi watu tunahesabu kipande kwa kipande, lakini jana jioni nimeona sigiri ya chumba namba tano imepakwa silva, mpaka miguu. Na imekubali vizuri sana, hata ukisogea hatua mbili kuelekea choo.