Heroe wa Nakuru si Ngamia

Hapa Nakuru, mtu akiuliza heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru, wameenda wapi, hujibiwa upesi kwamba wamehamia Ziwa Bogoria, kana kwamba ni ngamia waliotoka kisima kimoja kwenda kingine. Jibu hilo hunisumbua, kwa sababu viumbe hawa wawili, ingawa wote huishi penye uhaba wa maji matamu, wameumbwa kwa namna zinazopingana.

Ngamia hubeba kinga yake mwilini. Nunduni mna mafuta, si maji kama wengi wanavyodhani. Figo zake hutoa mkojo mzito sana ili maji yasipotee, joto la mwili wake hupanda na kushuka kwa takriban nyuzi 6 asije akatokwa na jasho bure, na anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kiu, kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa muda mfupi bila kudhurika. Kinywa chake nacho hakichagui, kwani hutafuna matawi ya mgunga pamoja na miiba yake. Ndiyo maana Wapokot wa Tiaty, kule Baringo, humthamini ukame unapomaliza ng'ombe.

Heroe mdogo, yaani ile aina ya heroe ninayoizungumzia hapa, si dhaifu hata kidogo, maana ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi ya ziada kupitia puani, na miguu inayostahimili magadi makali. Tatizo lake limo mdomoni. Huinamisha kichwa hadi mdomo ukawa juu chini, ulimi ukasukuma maji kama pampu, na vichujio vyembamba vikanasa mwani mdogo mno, ambao ndio pia humpa rangi ya waridi. Mwani huo hustawi katika maji mazito ya magadi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, ziwa letu lilipofurika hadi kuifikia mipaka ya mashamba, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na ndege anayeutegemea zaidi kwa chakula akaondoka.

Kwa hiyo sikubali kwamba amehama tu. Bogoria nako maji yalipanda katika miaka iyo hiyo, na katika Afrika Mashariki yote heroe hawa huzaliana kwa makundi makubwa mahali pamoja tu, Ziwa Natron, Tanzania. Ningependa Kenya na Tanzania ziyalinde maziwa haya kama makao mamoja, pamoja na msitu wa Mau unakoanzia Mto Njoro, unaomwaga maji yake katika Ziwa Nakuru.